Mashahidi Chini ya Jiwe

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana Leonhard Deinzer alifungua chumba kimoja cha shule ya zamani ya Wolfenreuth, akawasha hita, akatandaza kitambaa cheusi mezani, akangoja takataka za watu. Neno hilo ni lake mwenyewe. Watu walimletea walichookota wakilima, wakichimba misingi au wakifagia dari za babu zao: vifungo vya askari, risasi, funguo, medali za kuhiji, na zile sarafu ambazo kila anayeziokota huamini zitamjengea nyumba. Leonhard alizipokea zote kwa adabu, akazitia kwenye maji vuguvugu, akavaa miwani, na mara nyingi dakika mbili hazikuisha kabla hajamvunja mtu moyo. Hakufurahia kuvunja watu moyo, ila uongo juu ya kipande cha chuma hakuuweza kabisa, hata uongo mdogo wa kumfurahisha mtoto.

Mambo hayo hakuyasomea chuoni. Alikuwa fundi wa kupiga chapa, miaka arobaini na minne kwenye karakana moja mjini Nuremberg, akipiga medali, vifungo na pesa za kuchezea watoto. Ukimwekea kipande cha shaba kiganjani huku amefumba macho, alikuambia kama kilipigwa kwa nyundo au kwa mashine, na kama fundi wake alikuwa na haraka siku hiyo.

Kitu cha pili alichokuwa Leonhard, na ambacho hakukizungumza na mtu, ni mmoja wa Saba.

Kwetu kila kijiji kina Saba wake. Ni watu saba walioapishwa kulinda mipaka ya mashamba. Jiwe la mpaka haliwekwi wala halinyanyuliwi bila wao, kwa sababu chini ya kila jiwe huzikwa mashahidi: vipande vya kigae, vya kioo au vya shaba, vimelazwa kwa mpangilio ambao Saba peke yao wanaujua. Wakati wa kuzika, kila asiye mmoja wao hurudi nyuma hatua ishirini na kugeuza mgongo, awe mwenye shamba, awe mpima ardhi wa serikali. Mtu akihamisha jiwe kwa hila, mashahidi hubaki walipo na kumuumbua. Siri hiyo hutoka mdomo hadi sikio, haiandikwi, na aliyeapa huenda nayo kaburini. Mkewe haambiwi, wala padri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ninayesimulia si kata, kwa hiyo usiningojee nikueleze mashahidi hulazwaje.

Kiti chake kati ya Saba Leonhard alikirithi kwa baba mkwe wake, mzee Veit Ströbel. Veit alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mzito, aliyeogopwa na ng'ombe wake. Leonhard alipokwenda kumposa Babette, mwaka sitini na moja, alikuwa kijana wa mjini asiye na hata kuku, akaona haya kwenda mikono mitupu. Akampelekea mzee kifuko cha ngozi chenye sarafu tano za kuhesabia alizozipiga mwenyewe kazini kwa kuiga zile za kale. Veit alizimwaga mezani, akazihesabu kwa kidole, akasema, "Tano. Barabara." Leonhard akadhani mzee ana utani, akacheka. Mzee hakucheka, lakini binti alimpa. Tena mwaka uliofuata, majira ya kuchipua, wiki chache kabla ya harusi, alipanda safu ya micheri sita ukingoni mwa shamba akamwambia Babette kwamba hiyo ni yake, zawadi ya harusi, na watoto wake wataila.

Wakaila. Babette aliipenda safu hiyo kupita bustani nyingine yote. Jamu yake ya cheri ilitoka kwenye miti hiyo tu, naye alijua kila tawi lilivunjika mwaka gani.

Mzee Veit alikufa mwaka themanini na saba, na hakufa vizuri. Wiki nne alilala chumba cha juu, macho wazi, akiuliza usiku na mchana, "Niliweke wapi?" Mikononi hakuwa na kitu. Babette alimjibu kila mara, kwa upole, aliweke hapo mezani. Mzee alitulia kidogo, kisha akauliza tena.

Ng'ambo ya micheri lilikuwa shamba la mjane Ammon. Bibi Ammon alikuwa na neno moja ambalo kijiji kizima kililijua: jiwe la mpaka lililo kati yake na Ströbel limetembea. Lilitembea, alisema, ile baridi ya mwaka sitini na mbili, mumewe alipokuwa hospitalini na yeye akilala mjini kumuuguza. Aliporudi, ardhi ilikuwa imepungua hatua nne. Mumewe akafa, naye akabaki na hilo neno lake. Vipimo vya zamani vilianzia kijitoni, na kijito kilikwisha hama kwa mafuriko, basi hakuna ramani iliyoweza kumtetea. Wanaume baani walimuuliza jiwe limefika wapi leo, kama tayari limevuka mpaka wa nchi. Leonhard hakumuuliza hivyo, lakini alikuwa amekaa pale na kucheka pamoja na wengine, si mara moja.

Mwaka wa tisini na nane, mwezi wa Agosti, trekta iligonga jiwe lile likalala upande. Ikabidi lisimamishwe upya. Bibi Ammon akaandika barua wilayani kuomba Saba wanyanyue jiwe, watazame mashahidi wake, na mpima aandike mstari mara moja kwa daima. Siku ikapangwa, Alhamisi ya pili ya Oktoba. Baada ya hapo hakuna mahakama itakayougusa mstari huo tena.

Jumamosi kabla ya Alhamisi hiyo, Traudl Hufnagel aliingia chumba cha shule na kopo la siagi. Traudl alikuwa dereva wa basi la wilaya, mwanamke mpana, mcheshi, ambaye siku zake za mapumziko alizimaliza mashambani na ile mashine ya kunusa chuma. Aliomba ruhusa kila mahali kabla ya kuchimba, na kwa tabia hiyo Leonhard alimheshimu.

"Leo utanipa mkono, Mzee Deinzer," alisema. "Leo nimekuletea dhahabu."

Leonhard alizitia majini. Zilikuwa tano, nyembamba, za ukubwa wa ukucha wa dole gumba, za kijani kwa kutu. Matope yalipolegea akaona upande mmoja waridi dogo katikati, limezungukwa na mataji matatu na mayungiyungi matatu, na upande wa pili tufe lenye msalaba juu yake. Akamwambia, kwa upole aliouzoea, kwamba si dhahabu na wala si fedha. Ni sarafu za kuhesabia. Zamani mfanyabiashara alichora mistari juu ya meza, akazisogeza hizi juu ya mistari ili ajumlishe mali yake, maana penseli na karatasi zilikuwa ghali kuliko shaba. Nuremberg ilizipiga kwa mamilioni, zikauzwa Ulaya nzima. Hizi zilipigwa kwa nyundo: tazama duara halijakamilika, tazama waridi limekwenda kando. Zina miaka mia nne. Bei yake, zote tano, ni sahani mbili za soseji na kabichi.

Traudl akapumua, kisha akacheka. Angalau, alisema, amezipata kwa njia ya ajabu. Hazikutawanyika kama vitu vilivyoanguka mfukoni. Zilikuwa chini ya bapa la jiwe, zimepangwa.

"Zimepangwaje?" Leonhard aliuliza, na papo hapo akajuta kuuliza.

"Hivi." Traudl akaanza kuzilaza juu ya kitambaa cheusi, moja, mbili, ya tatu akaigeuza.

Kiganja cha Leonhard kilishuka juu yake kabla hajaweka ya nne. Kilishuka kwa nguvu mpaka bakuli la maji likamwagika.

Wakatazamana. Miaka kumi na moja Leonhard alikuwa ameubeba mpangilio ule kichwani, alivyonong'onezwa siku ya kiapo, na hakuwahi kuuona kwa macho, kwa sababu mawe makubwa ya zamani hayanyanyuliwi ovyo. Sasa ulikuwa nusu yake mezani, umelazwa na dereva wa basi.

"Umezitoa wapi?"

"Kwako," Traudl alisema. "Mkeo aliniruhusu. Chini ya micheri yenu, safu ile ya mwisho. Mzee Deinzer, kama ni kitu cha sahani mbili za soseji, mbona unatetemeka?"

Alimwambia ni baridi. Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kuusema mbele ya kitambaa kile, na njia ya mwongo ni fupi: Traudl aliitazama hita iliyokuwa ikiwaka, akamtazama yeye. Leonhard akamwomba amwachie sarafu hadi Ijumaa, azilinganishe na vitabu, na akamsihi kwamba namna zilivyolala asimwonyeshe mtu. Traudl alikubali, lakini alipofika mlangoni aligeuka akamwambia kwamba yeye si mtoto.

Siku zile tano Leonhard hakula vizuri. Kila asubuhi alikwenda kwenye micheri akapima kwa miguu. Kutoka jiwe lililolala upande mpaka kishimo alichofukia Traudl, ni hatua nne. Alirudi akapima tena, kana kwamba miguu yake ingebadili mawazo.

Tumaini lake lilikuwa moja. Pengine zamani sana, kabla ya Ströbel na Ammon, palikuwa na mpaka mwingine ndani ya shamba lile, jiwe lake likaondolewa na mashahidi wakasahauliwa. Hutokea. Kama ni hivyo, Alhamisi watanyanyua jiwe lililopo na kukuta chini yake sarafu nyingine tano, zimelala inavyopaswa, na micheri itabaki ya Babette kwa haki. Lakini wasipokuta kitu, basi Veit Ströbel, kiongozi wa Saba kwa miaka ishirini, ndiye aliyelitembeza jiwe. Leonhard hajawahi kuomba dua kwa ajili ya vipande vya shaba, ila wiki ile aliomba.

Babette alimuuliza ana nini. Akasema tumbo. Mkewe akamchemshia chai ya mbegu za shamari, akaketi karibu naye hadi alipoimaliza. Binti yao Ulla alikuwa anatarajia kuja na wajukuu, na Babette alizungumza jinsi atakavyowaonyesha kupogoa ile safu yake. Leonhard alishindwa kumtazama usoni, akautazama mkono wake ulioshika kikombe.

Jumatano, Leonhard akitoa majani kwenye mfereji, Bibi Ammon alisimama langoni kwake. Hakuwa amesimama hapo tangu mumewe azikwe. Alikuwa na miaka themanini na mbili, amevaa kilemba cheusi, na hakutaka kuketi.

"Kesho mtalinyanyua," alisema. "Nimekuja kukuambia kwamba baba mkwe wako mimi simlaani. Nilimlaani zamani, sasa nimechoka. Lakini wewe unajua wanaohamisha mawe huuliza nini."

Leonhard alijua. Kila mtoto wa kwetu anajua, maana ndiyo hadithi tunayotishiwa nayo tusiguse mawe ya mpaka. Aliyehamisha jiwe hapumziki. Huzunguka mashambani amelibeba begani, linawaka moto, na kila anayekutana naye humuuliza, "Niliweke wapi?" Watu hukimbia, naye huendelea kulibeba. Jibu ni moja tu, na mtu akithubutu kulitamka mzigo humshuka: liweke ulikolitoa.

Bibi Ammon alikwisha kwenda zake. Leonhard alibaki na koleo mkononi, akisikia sauti ya mzee Veit ikitoka chumba cha juu.

Alhamisi kulikuwa na ukungu. Saba walikuja na mtaimbo, koleo na kamba, wamevaa kofia zao nyeusi. Kiongozi wao, Simon Egloff, mfuga samaki, alikuwa amefundishwa kazi na Veit mwenyewe, na bado alimwita mwalimu. Mpima ardhi alipelekwa nyuma hatua ishirini, pamoja na Babette na Bibi Ammon, kila mmoja amegeuza mgongo. Wanawake hao wawili walisimama umbali wa mkono mmoja.

Jiwe lilitoka kwa shida. Simon akapiga magoti, akafukua kwa mikono, akaondoa bapa lililokuwa chini. Wote saba wakainama. Sarafu tano zilikuwa pale, kijani kibichi, zimelala inavyopaswa, hakuna hata moja iliyokosea mahali pake.

Leonhard nusura aangue kicheko. Akamshika bega mwenzake. Micheri ni yetu, aliwaza, micheri ni ya Babette, na mzee Veit ni mtu safi, na nilimdhania vibaya, Mungu anisamehe.

"Mashahidi wapo," alisema Simon, akavuta bapa afunike.

"Ngoja," Leonhard alisema.

Kwa nini alisema ngoja, baadaye hata yeye hakujua. Labda ni mazoea tu: miaka arobaini na minne kazini, kumi na moja kati ya Saba, na kila Jumamosi mkono wake ukichukua kipande na kukipa dole gumba. Kanuni iliwaruhusu Saba kugusa mradi kirudi mahali pake. Akaokota moja, akaifuta kwa mate.

Waridi, mataji matatu, mayungiyungi matatu. Lakini duara lilikuwa kamili mno. Ukingo ulikuwa sawasawa kuzunguka kote, jinsi mashine inavyoukata, na waridi lilikaa katikati barabara. Na kutoka kwenye waridi hadi kwenye taji moja ulipita mstari mwembamba ulioinuka, kama unywele ulionasa kwenye rangi.

Aliujua mstari huo kuliko alivyojua mistari ya kiganja chake. Mwaka sitini na moja karakana ilipata kazi ya kuiga sarafu za kale kwa ajili ya sherehe ya mji, na chapa ya chuma aliyopewa kijana Leonhard ilipasuka. Ufa kwenye chapa huacha mstari ulioinuka kwenye sarafu. Msimamizi alimtukana mbele ya watu, akamwaga kazi yote ya asubuhi kwenye pipa la chuma chakavu, na hakuna hata moja iliyouzwa popote duniani. Kutoka kwenye pipa hilo Leonhard aliokota tano, kwa sababu alikuwa anakwenda kuposa na hakuwa na kitu kingine.

Tano. Barabara.

Sasa aliona yote. Veit alikuwa amelichukua jiwe, na kama mmoja wa Saba alijua lazima kuwe na mashahidi chini yake siku litakapotazamwa. Angeweza kuwafukua wale wa kale na kuwahamisha pia. Hakuthubutu. Aliiba ardhi ya mtu mgonjwa, lakini mashahidi alioapa kwamba hatawagusa hakuwagusa, akaenda kutafuta wengine. Na wengine hao aliletewa mezani na mkwe wake, ndani ya kifuko. Za mwizi arobaini, husema watu. Za Veit ziliishia kwenye miaka thelathini na sita.

"Kuna nini?" Simon alinong'ona. Wenzake walikuwa wanatazama.

Leonhard alitazama nyuma. Mgongo wa Babette ulikuwa pale kwenye ukungu, na koti lake la kijivu, na nywele alizozisuka asubuhi kwa ajili ya siku hii. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyeweza kuutambua unywele ule. Angerudisha sarafu, bapa lingefunikwa, na baada ya kahawa yote yangekwisha.

Kando ya Babette kulikuwa na mgongo mwingine, mdogo, uliopinda, uliochekwa miaka thelathini na sita.

"Hizi si mashahidi," Leonhard alisema kwa sauti ya chini. "Nilizipiga mimi. Nilimpa Veit siku ya posa."

Simon alimshika mkono wa koti, akamvuta karibu. "Una wazimu? Veit alinifundisha kazi hii. Nani atajua, Leonhard? Sisi saba tu, na sisi ni kaburi."

Leonhard alitia mkono mfukoni, akatoa zile tano za Traudl, akazilaza kiganjani kando ya ile moja. Hakuhitaji kueleza sana. Kando ya zile za kale, nyembamba, zilizopinda, zilizopigwa na mtu na nyundo yake, ile ya mashine ilionekana ngeni hata kwa mfuga samaki. Aliwaeleza zilipopatikana, na zilivyolala. Simon aligusa kila moja kwa kidole. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Ukweli ni huu," alisema mwishowe. "Tukilihamisha, hatutamwambia mtu kwa nini. Kiapo ni kiapo. Mkeo atapoteza miti ya babake, na wewe hutaweza kumwambia hata neno. Leo wala siku ya kufa kwako. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria," Leonhard alisema, ingawa ndiyo kwanza lilikuwa linamfikia, na lilimuuma kuliko miti.

Wakalibeba jiwe hatua nne, ndani ya safu ya micheri. Mashahidi wa kale wakarudishwa walikolala miaka mia nne, wakafunikwa, jiwe likasimamishwa juu yao. Ndipo Simon akawaita wengine wageuke. Akatangaza kwa sauti ya kiofisi kwamba jiwe halikuwa juu ya mashahidi wake, kwamba sasa liko juu yao, na kwamba mpima anaweza kuandika. Mpima aliandika, na micheri yote sita ikaangukia upande wa Ammon.

Bibi Ammon alikwenda hadi kwenye jiwe akaliwekea mkono juu, kama mtu anayemshika ng'ombe aliyerudi. Alilia bila sauti. Kisha akasema, si kwa mtu yeyote, kwamba hajawahi kuwa mwendawazimu. Wale wanaume saba walitazama viatu vyao.

Malipo ya Leonhard hayakuishia hapo. Kesho yake Traudl alikuja kuchukua vitu vyake, akakabidhiwa kopo la siagi tupu, limeoshwa vizuri, na maneno kwamba sarafu zimepotea. Alimwita mwizi mbele ya watu wawili, na Leonhard akalikubali jina hilo, maana kujitetea kungekuwa kusema. Lakini hilo lilikuwa la Ijumaa. La Alhamisi lilikuwa jikoni.

Babette alikuwa ametangulia nyumbani. Leonhard alimkuta amekwisha weka kahawa na mkate wa plamu, sahani mbili, kama siku zote. Hakuwa amevua koti. Katikati ya meza kulikuwa na kifuko kidogo cha ngozi, kile cha posa, ambacho Leonhard hakukiona tangu ujana wake, kimenyauka, hakina kitu ndani.

"Miti sita," Babette alisema.

"Sita, Mama Ulla."

"Ya harusi yangu."

Leonhard alivua kofia yake nyeusi. "Siwezi kukuambia kitu. Ningeweza ningekuambia. Siwezi."

"Sijakuuliza." Alikuwa akikitazama kifuko, akikibonyeza kwa kidole kimoja. "Nitakuuliza kitu ambacho kila mtu amekiona, kwa hiyo si siri. Jiwe mmeliweka wapi?"

"Ulikuwepo. Umeona."

"Nataka nilisikie kinywani mwako, Baba Ulla."

Leonhard alimtazama, na akaona kwamba hana hasira, bali anaogopa, jinsi mtu anavyoogopa mlangoni kwa daktari.

"Tumeliweka lilikotolewa," alisema.

Babette alifumba macho. Mabega yalimshuka polepole ndani ya koti, mpaka Leonhard akadhani anataka kuanguka, akanyoosha mkono. Babette aliushika mkono huo.

"Wiki nne," alisema, "wiki nne aliniuliza, nami nikawa namwambia aliweke mezani."

Kisha alilia, naye Leonhard akaketi kando yake, na kahawa ikapoa.